Hotuba na Posa: Mzizi Mmoja



Neno hotuba limetujia kutoka Kiarabu, na vinywani mwetu limeshika njia mbili. Tukisema khutba, twakusudia ile ya Ijumaa na ya Idi, anayoitoa khatibu juu ya mimbari. Tukisema hotuba, twakusudia maneno yoyote yasemwayo mbele ya hadhara: ya mwalimu mkuu shuleni, ya mbunge uwanjani, na hata ya mama anayeambiwa ghafla harusini, "Mama, simama utuambie mawili matatu."

Hapo ndipo wengi wetu hufungwa ulimi. Katika harusi moja niliyohudhuria, mama wa bibi harusi aliitwa hivyo. Akasimama, akainamisha kichwa, akaketi bila ya kusema neno. Baadaye aliniambia kwa huzuni, "Hotuba ni ya wasomi, mwanangu. Mimi nilitaka tu kuwaomba wakwe wanitunzie mtoto wangu."

Kumbe ombi lile ndilo lililokuwa hotuba yenyewe! Katika Kiarabu, khutba na khitba, yaani posa, ni maneno ya mzizi mmoja. Mwenye kuhutubu na mwenye kuposa wote huwaendea watu kwa maneno, na kila mmoja ana haja anayotaka ipokelewe. Aendaye kuposa hapazi sauti wala hajikwezi. Humhimidi Mwenyezi Mungu, akamswalia Mtume (s.a.w.), akaeleza haja yake, akashukuru. Mpango huo huo wamtosha aliyeitwa ghafla.

Wala ufupi si upungufu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kurefusha swala na kufupisha khutba ni alama ya ufahamu wa mtu. Na kuona uzito si aibu: Nabii Musa (a.s.), alipoamrishwa kumwendea Firauni, alimwomba Mola wake amfungulie fundo la ulimi.

Basi, mama mwenzangu, siku utakapoitwa usihangaike kutafuta maneno makubwa. Mtaje Mola wako, sema haja ya moyo wako, kisha keti. Na wanetu tuwazoeze mapema: baada ya chakula cha usiku, mmoja asimame azungumze kwa dakika mbili, na wengine wamsikilize bila ya kumcheka. Aliyesikilizwa nyumbani hatishwi na hadhara.

Wabillahi tawfiq.