Ibada na riziki: funzo kutoka kwa Mayahudi wa Mbale

Kila sifa njema ni ya Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu zangu, pale Ziwani, mkoani Mtwara, wazazi wengi huishi kwa korosho. Mnada ukienda vizuri, mwalimu wa madrasa hupata chake. Bei ikianguka, yeye ndiye wa kwanza kuambiwa asubiri. Mwaka 2018 serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, lakini wakulima wengi walingoja malipo kwa miezi.

Mtihani huu si wetu peke yetu. Karibu na Mbale, mashariki mwa Uganda, wapo wakulima Mayahudi waitwao Abayudaya, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Idi Amin alipopiga marufuku dini yao, wengi waliiacha. Waliobaki walikuwa wakulima wa mashamba madogo, na kwa mkulima masikini kuacha jembe kila Jumamosi si jambo jepesi. Baadaye Mayahudi wa Marekani waliwasaidia kwa shule na masinagogi. Msaada ni neema, lakini ufunguo wake anao mtoaji.

Mwaka 2004 mmoja wao, J.J. Keki, aliwaendea majirani zake Waislamu na Wakristo, wakaunda ushirika wa kahawa uitwao Mirembe Kawomera, yaani amani tamu. Waliuza pamoja hadi California kwa bei nzuri zaidi, na kila mmoja akabaki na dini yake.

Atakayeuliza kama inafaa kushirikiana nao katika biashara, akumbuke kuwa Mtume (s.a.w.) alifariki dirii yake ikiwa rehani kwa Yahudi kwa ajili ya shayiri, kama alivyopokea Bukhari. Dhulma wanayofanyiwa ndugu zetu wa Palestina tunaipinga, lakini hatumtwishi mzigo huo mkulima wa Mbale. Allah ametuamrisha uadilifu hata kwa tunaowachukia (Al-Maida: 8).

Basi sisi wa visiwani, wenye mikarafuu na minazi, tujiulize: mwalimu wa watoto wetu anaishi kwa nini msimu ukiharibika? Tuweke wakfu miti michache au chumba cha duka, na mapato ya mwaka mzuri yawekwe akiba kwa mwaka mbaya. Elimu ya dini isingoje mnada.

Wallahu a'lam.