Herufi Zinazoitwa za Kiafrika

Ewe msomaji, siku utakapopata nafasi ingia katika duka la vitabu, usimame mbele ya rafu ya riwaya zihusuzo Afrika, hasa zile zilizopigwa chapa ng'ambo. Usisome majina ya watungaji. Tazama umbo la herufi peke yake. Hutakawia kuona ukoo mmoja ukijirudia: herufi kubwa tupu, nene, zenye pembe, zimeyumba kidogo huku na huku kana kwamba zilichongwa kwa shoka na mtu mwenye haraka. Toka nje, utakutana nazo tena katika vibao vya kambi za watalii, katika mifuko ya kahawa na katika fulana za ukumbusho. Ukiuliza ni herufi gani hizo, utaambiwa bila kusita kuwa ni herufi za Kiafrika.

Huo ni uongo, na nia yangu ni kukuonyesha ulikozaliwa, na kwa nini haufai kuendelea kulelewa na sisi wenyewe.

Herufi mama ya ukoo huo inaitwa Neuland, neno la Kijerumani lenye maana ya nchi mpya. Aliyeitengeneza ni Rudolf Koch, Mjerumani aliyezaliwa Nuremberg mwaka 1876, akafanya kazi katika kiwanda cha Klingspor cha kusubu herufi, katika mji wa Offenbach. Herufi yake ilitolewa mwaka 1923. Desturi ya kazi ile ilikuwa kwamba msanii huichora herufi katika karatasi kwanza, kisha fundi huichonga katika ncha ya chuma, na chuma hicho hugongwa katika shaba ili ipatikane kalibu ya kumiminia risasi. Koch aliacha kuchora. Alishika vyombo vyake akachonga kwa mkono moja kwa moja, kipimo baada ya kipimo, na kwa sababu hiyo herufi ya kipimo kimoja hailingani kabisa na ndugu yake wa kipimo kingine. Alikuwa Mkristo wa Kilutheri mwenye imani ya dhati, na fikira zake zilikuwa juu ya vitabu vya dini na juu ya herufi nzito za kale za nchi yake, ambazo alitaka kuzipa nguvu mpya. Ukali wa Neuland, basi, ni ukali wa chombo katika mkono wa fundi hodari. Simlaumu Koch hata kidogo. Kazi yake haikuhusu Afrika.

Ilikuwaje basi mwana wa Offenbach akaitwa mwana wa Afrika?

Herufi za mapambo hazikuumbwa zisomwe kurasa mia. Kazi yake ni kusimama katika jalada, bango au kibao, na kumwambia mpita njia jambo kabla hajasoma neno. Ndiyo sababu watengenezaji wake hutafuta mfano wa kuiga: majani, kamba, mawe, mbao, kalamu ya unyoya, brashi. Hapo hapana ubaya. Ubaya huanza pale mfano unapokuwa taifa zima la watu, na mwigaji hajapata kuwatazama watu hao. Baada ya Napoleon kuivamia Misri mwaka 1798, Ulaya ilishikwa na shauku ya vitu vya Kimisri, na mwanzoni mwa karne ya 19 wapiga chapa wa London wakaziita herufi zao mpya nene "za Kimisri", ingawa hazikuwa na udugu wowote na maandishi ya Wamisri. Mwaka 1883 kiwanda kimoja cha Cleveland, Marekani, kilitoa herufi za Kilatini zilizokatwa mfano wa michoro ya brashi, zikaitwa "za Kichina". Mchina hakuwa na haja nazo, kwa kuwa ana maandishi yake ya maelfu ya miaka.

Neuland ilipitishwa njia hiyo hiyo. Kwa kuwa ilionekana kama imechongwa katika gogo, wachora matangazo waliipachika kila walipotaka kusema pori, ngoma, au zamani za giza. Mwaka 1993 ilipotoka filamu ya Jurassic Park, hadithi ya wanyama wakubwa waliotoweka duniani miaka mamilioni iliyopita, jina lake liliandikwa kwa herufi za ukoo wa Neuland. Mchezo wa The Lion King ulipoingia Broadway mwaka 1997, bango lake lilikuwa na herufi za ukoo huo huo. Fikiri, msomaji: sare moja imevalishwa mjusi aliyekwisha kufa na bara lenye watu hai zaidi ya bilioni moja! Aliyechagua herufi hiyo huenda hana chuki moyoni. Lakini jicho lake limekwisha kufundishwa kwamba sisi na mijusi ile ni majirani.

Wala Neuland haiko peke yake. Mwaka 1989 Carol Twombly, bibi wa Kimarekani, aliitengenezea kampuni ya Adobe herufi iitwayo Lithos. Jina hilo ni la Kiyunani, maana yake jiwe, na mfano wake ni maandishi yaliyochongwa na Wayunani wa kale kabla ya Kristo. Haikupita miaka mingi nayo ikapewa uraia wa Afrika bila ya kuuomba.

Najua utakavyonijibu. Utasema kwamba maana ya herufi hutokana na matumizi. Kwamba watu wamekwisha kuizoea, kitabu kinauzika, mtalii anaelewa. Hoja hiyo ina uzito, tena iliwahi kunishinda mimi mwenyewe: nilipokuwa mhariri wa gazeti la shule niliichagua herufi hiyo kwa jalada, nikajiona nimeuinua Uafrika. Lakini mazoea hayo ni ya nani? Si ya mama avaaye kanga, ambayo zamani ilibeba maneno yake kwa herufi za Kiarabu na leo huyabeba kwa herufi kubwa zilizo wazi na nyofu. Si ya fundi wa vibao, wala ya kijana anayepamba matatu kwa rangi saba. Riwaya ya Kifaransa juu ya mji wa Paris hupewa herufi zifaazo hadithi yenyewe, ya huzuni au ya kuchekesha. Yetu, ikiwa ni ya wakili wa Nairobi au ya mapenzi ya wanafunzi wa Ibadan, huvikwa ngozi ile ile ya chui, na msomaji wa mbali hudhani amekwisha kuisoma kabla ya kuifungua.

Nacho kiasi cha dhuluma ni kikubwa zaidi ukikumbuka tulivyo navyo. Ethiopia ina maandishi yake tangu zama za Aksum. Katika Liberia, miaka ya 1830, Momolu Duwalu Bukele aliwabunia Wavai herufi zao, na Mfalme Njoya wa Bamum, katika Kameruni, alianza kubuni zake mwishoni mwa karne ile. Saki Mafundikwa wa Zimbabwe aliyakusanya mengi ya haya katika kitabu chake Afrikan Alphabets, kilichotoka mwaka 2004. Na hapa pwani yetu, katika msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, yamo maandishi ya Kikufi yaliyochongwa ukutani mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Ncha za herufi zimechipua majani na maua, na kila mstari umepimwa kwa subira. Kama ni herufi ya mapambo unatafuta, mwalimu wako yupo pale, naye amemtangulia Koch kwa miaka zaidi ya mia nane.

Muhula ujao gazeti la shule yenu litatoka, na pengine mhariri ataleta jalada lenye herufi zile za shoka. Muulize amezitoa wapi. Akisema Afrika, mketishe umsimulie habari za Offenbach.