Kutoonekana kwa Sumu Si Kutokuwapo kwa Sumu

Mwishoni mwa mwaka 2022, wafugaji wa samaki katika Ghuba ya Winam walikuta vizimba vyao vimejaa mizoga. Wapo waliotaja ukosefu wa oksijeni. Wapo waliolaumu taka. Mabishano ya aina hii hayamalizwi kwa kelele bali kwa vipimo. Hata hivyo, vipimo navyo vina lugha yake, na yafaa lugha hiyo ifundishwe shuleni.

Uchafu unaoletwa na mto Kisat kutoka Kisumu hauishii majini. Sehemu yake hutua chini na kuwa mashapo, ambamo metali nzito kama risasi zaweza kudumu miaka mingi. Ili kupima sumu, watafiti huchota tope hilo, huwatia humo vidudu wa majini, kisha huhesabu waliosalia hai na kuwalinganisha na wenzao waliowekwa katika tope safi.

Tuchukulie kwamba katika tope safi wamepona 9 kati ya 10, na katika tope la ghuba 6 kati ya 10. Kitakwimu, tofauti hiyo yaweza kuwa bahati nasibu tu. Mtafiti ataandika kwamba hakuona tofauti ya kutegemewa. Mwanasiasa atatangaza kwamba tope halina sumu. Lau vidudu wangalikuwa 100 kila upande, wakapona 90 na 60, hakuna mtaalamu ambaye angalisingizia bahati. Uwiano ni uleule. Kilichoongezeka ni ushahidi.

“Haijathibitishwa kuwa ina sumu” na “imethibitishwa kuwa haina sumu” si sentensi moja. Kikanushi kimehama, na maana imehama nacho. Mtindo tuliouzoea humzawadia anayepima kidogo. Tena, ndoo moja ya tope ikigawanywa katika chupa tano bado ni tope la mahali pamoja. Haisemi lolote kuhusu Dunga wala Mbita.

Dawa ipo. Wanatakwimu wamekwisha kubuni majaribio yanayogeuza mzigo wa ushahidi: kwanza huamuliwa ni madhara kiasi gani yanayovumilika, kisha anayedai usalama ndiye anayetakiwa kuuthibitisha. Walimu wa hisabati na wa Kiswahili wana kazi moja hapa: kumfundisha mwanafunzi kuuliza, kila asikiapo kwamba hakuna sumu iliyoonekana, ilitafutwa wapi na mara ngapi. Kimya kingi kina mshindo mkubwa.