Uzamili wa Sheria za Kimataifa: Tusome Masharti Kabla ya Kuuza Kiwanja

Kila inapokaribia miezi ya udahili, wazazi hufika ofisini kwetu na barua ya chuo cha nje mkononi, wakiuliza: je, tuuze kiwanja ili mtoto akasome? Juma hili tunazungumzia barua za aina moja, zile za shahada ya uzamili ya sheria za kimataifa. Rai yetu ni kwamba familia iketi pamoja na kuyasoma masharti ya kozi mstari kwa mstari, ndipo iitishe mnunuzi.

Sharti la kwanza hutangulia safari. Shahada hii hujengwa juu ya nyingine. Vyuo vingi humtaka mwombaji awe na shahada ya kwanza ya sheria yenye ufaulu mzuri, ithibati ya kuimudu lugha ya kufundishia, na barua za walimu wanaomfahamu. Aliyesomea fani nyingine aulize mapema iwapo anakubalika, kabla hajalipia maombi.

Sharti la pili ni muda. Tuchukue mfano wa Chuo Kikuu cha Leiden, nchini Uholanzi, kilichoanzishwa mwaka 1575, jirani na mji wa The Hague yaliko makao ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Shahada ya uzamili ya mwaka mmoja huko ina krediti 60, na kwa hesabu ya nchi hiyo krediti moja ni saa 28 za masomo. Jumla yake ni saa 1,680, yaani saa 40 kila wiki kwa wiki 42. Kijana anayewaahidi wazazi kwamba atafanya kazi na kujilipia ada aipige hesabu hiyo mbele yao. Wakumbuke pia kwamba ada ya anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya huwa kubwa kuliko ya raia wa huko.

Sharti la tatu ni masomo yenyewe: ya lazima, ya hiari, na tasnifu. Msingi wake ni mikataba, desturi za mataifa na kanuni za jumla za sheria. Mwanafunzi husoma Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1945, Mikataba minne ya Geneva ya mwaka 1949, na Mkataba wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982.

Elimu hii inatugusa. Mwaka 2014 Somalia iliishitaki Kenya katika Mahakama hiyo ya The Hague kuhusu mpaka wao wa baharini. Kenya ilijenga hoja kwamba hati ya maelewano ya mwaka 2009 iliizuia Mahakama kusikiliza shauri. Mwaka 2017 Mahakama ikaikataa hoja hiyo, na tarehe 12 Oktoba 2021 ikatoa hukumu juu ya eneo linalozidi kilomita za mraba 100,000. Wanasheria walibishana juu ya maneno ya hati fupi, na bahari ya mataifa mawili ikategemea tafsiri yake. Kazi ya namna hiyo haitaki msomaji wa juu juu.

La mwisho ni lile ambalo shahada hii haitoi. Haimfanyi mtu kuwa wakili. Kwa Tanzania, mhitimu wa sheria anayetaka uwakili hupitia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, hata awe na uzamili wa ng'ambo. Kijana ambaye hajapita huko apime lipi litangulie.

Na kabla ya kuvuka bahari, tuulize nyumbani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha sheria tangu mwaka 1961, nacho hutoa shahada ya uzamili ya sheria. Kiwanja kikishauzwa hakirudi kwa barua ya kuomba radhi. Masharti yamekwisha kuandikwa, na kuyasoma hakugharimu ila jioni moja ya familia.