Kifungu Gani, Afande?

Vijana wenzangu, nina neno nanyi na najua halitawapendeza. Machi 2017 tulishangilia upuuzi.

Mnakumbuka ilivyokuwa. Nay wa Mitego alikuwa ametoa "Wapo". Tarehe 26 njagu wakamnyaka huko Morogoro, akaletwa Dar. BASATA nao wakaufungia wimbo. Kesho yake Waziri wa Habari, Dk. Harrison Mwakyembe, akatangaza kwamba Rais Magufuli ameagiza msanii aachiwe na wimbo upigwe. Basi mitaa ikalipuka. "Mzee kafanya la maana!" Mimi mwenyewe niligonga meza kijiweni mpaka kahawa ikamwagika.

Sasa meza imekauka, tuulizane. Kosa lilikuwa chini ya kifungu gani, cha sheria ipi? Kama kosa lilikuwapo, Rais si hakimu wa kulifuta kwa agizo. Kama halikuwapo, mtu alilazwa sero kwa lipi? Ndani ya siku mbili wimbo mmoja ulipita polisi, ukapita baraza, ukapita wizara, ukafika Ikulu. Mahakamani tu ndiko haukufika. Na sisi tunaojiita watu wa maneno hatukuona ajabu yoyote!

Tatizo letu ni kwamba kwetu sisi wote hawa ni "serikali". Mwenye gwanda, mwenye tai, mwenye kitambulisho shingoni, wote tunawaamkia kwa hofu ileile. Wakati sheria imewagawia kazi, kila mtu na yake. Polisi hupeleleza na kukamata, na akikukamata anapaswa kukwambia sababu. Mashtaka ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka. Kauli ya mwisho ya haki ni ya Mahakama, Ibara ya 107A ya Katiba, nenda kaisome, ni fupi kuliko mashairi yenu mengi. BASATA wameundwa kwa sheria ya 1984, na humo kuna kazi ya kufufua na kukuza sanaa, si kuifungia tu. Wewe unayeandika tamthilia, wako ni Bodi ya Filamu, maana sheria yake ya 1976 inashika michezo ya jukwaani pia. TAKUKURU hawana shida na tungo zako, labda uwe umemhonga mtangazaji akupigie. Hapo jiandae.

Nitawashangaza: mwaka 2018 TCRA walipoviambia vituo visipige nyimbo kadhaa zilizoorodheshwa na BASATA, zikiwamo za Diamond, mimi sikukasirika sana kama wenzangu. Uamuzi ulinichefua, ndiyo. Lakini TCRA ndio wanaotoa leseni za redio na televisheni tangu sheria ya 2003, na walikuwa wanasema na wenye leseni zao. Hapo unajua nani kaamua, na unajua mlango wa kugonga ukitaka kubisha. Simu ya Ikulu utaigonga wapi?

Najua mtakalosema. "Acha unoko, si jamaa alitoka?" Alitoka, na nilifurahi. Lakini alitoka kwa hisani, na hisani hailimbikizwi kama akiba benki. Mwaka 2024 msanii huyohuyo aliitwa tena BASATA, safari hii kwa ajili ya "Nitasema". Ile ruksa ya 2017 ingemfaa nini? Haikuacha hata ukurasa mmoja wa hukumu ambao wakili angeushika mkononi na kusema: jambo hili lilikwisha kuamuliwa. Aliyeifungua ni mtu, na yule mtu alikwisha kufariki.

Na nisijifanye mjuaji. Tulikuwa na jioni ya mashairi huko Sinza, nyuma ya baa moja, viti vya plastiki, spika ya kuazima. Dada mmoja alikuwa katikati ya shairi kuhusu bei ya maji, la beti nane, kafika la tano. Akaingia jamaa mwenye shati jeupe na kadi shingoni, akanyoosha mkono kwenye spika. "Kibali kiko wapi?" Kibali gani, kutoka kwa nani, hakusema. Mwenye baa akaanza "samahani bosi, samahani bosi". Tukachanga elfu kumi na tano "ya soda". Jamaa akaikunja, akaondoka bila kuandika risiti.

Yule dada hakuendelea na beti la sita. Tulikuwa watu kama thelathini pale, wote waandishi, kila mmoja na kalamu na daftari mapajani, na hakuna aliyesoma ile kadi imeandikwa ofisi gani.