Shabiki na Ulimi wa Tajiri

Ulimi ni mali ya mtu, lakini si kila neno litokalo ulimini mwake ni lake. Maskini aweza kusema kwa sauti ya tajiri, na mtumishi aweza kuitetea faida ya bwana wake kwa bidii kuliko bwana mwenyewe, asitambue kuwa maneno yale ameyaazima. Katika mambo ya serikali na ya kazi hatari hii yajulikana tangu zamani, na wenye kuionya dunia juu yake si haba. Katika michezo haionywi, kwa sababu mchezo hudhaniwa kuwa kitu kidogo. Hapo ndipo ulimi wa kuazima upatapo maficho mema.

Mfano ulio wazi waonekana Marekani, kila mwaka mwezi wa Aprili. Huko huchezwa kandanda ya namna yao, yenye mpira wa umbo la yai na wachezaji wavaao kofia ngumu. Ligi yao kuu, NFL, ina timu 32, na timu hizo hazipatani na vijana watokao vyuo vikuu kama waajiri wengine wapatanavyo na watafuta kazi. Huwagawana kwa zamu. Timu iliyoshindwa kuliko zote msimu uliopita huanza, bingwa humaliza, na mzunguko hurudiwa mara 7, hata vijana wapatao 250 wakawa wamekwisha gawanywa. Kijana akishatajwa na timu, nyingine zote hukatazwa kuzungumza naye habari za mshahara. Haki juu yake yaweza kubadilishwa kwa timu nyingine, naye asiulizwe. Akikataa, hungoja.

Miezi mingi kabla ya siku hiyo mashabiki hubishana. Timu yao imchukue nani? Arushaye mpira katika chuo hiki, au akimbiaye nao katika chuo kile? Ubishi huo hujaza vinyozi, vilabu vya pombe na redio. Tangu mwaka 1980 uteuzi wenyewe huonyeshwa katika televisheni, na mwaka 2024, mjini Detroit, watu zaidi ya 700,000 walihesabiwa kwa siku tatu, wamekuja kusikia majina yakisomwa. Hakuna mpira uliochezwa.

Ubishi si dhambi. Mtu aipendaye timu yake hana budi kuitakia mema, na kuwaza juu ya kesho ni nusu ya furaha ya mchezo. Lawama iko mahali pengine: katika kubishana huko shabiki huacha kusema kama mtazamaji wa mchezo, akasema kama mwenye mali. Tena mali yenyewe si yake.

Desturi hii ina mwanzo unaojulikana. Mwaka 1935 Bert Bell, mmiliki wa timu ya Philadelphia Eagles, aliwashauri wamiliki wenzake wagawane vijana badala ya kuwagombea. Timu yake ilikuwa dhaifu. Msimu huo ilishinda michezo 2 tu. Wenzake walikubali, na tarehe 8 Februari 1936, katika hoteli moja mjini Philadelphia, timu 9 ziligawana majina 81. Sababu iliyotangazwa ilikuwa kuwainua wanyonge. Sababu ya pili haikuhitaji kupigiwa mbiu: panapo timu mbili zinazomgombea kijana mmoja, mshahara hupanda, panapo moja tu iliyoruhusiwa kusema naye, mshahara hushuka. Aliyetajwa wa kwanza siku ile, Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, hakupatana na waliomtaka, akashika njia ya biashara. Hakucheza kandanda ya kulipwa hata siku moja.

Wako waufananishao uteuzi huu na mnada. Mwaka 2021 Colin Kaepernick, aliyekuwa mchezaji wa ligi hiyo, alionyesha katika filamu za maisha yake upimaji wa vijana ukigeuka mnada wa watumwa. Ulinganisho huo una uchungu wake, maana wengi wa wachezaji ni weusi na wamiliki karibu wote ni weupe. Lakini msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, ambako soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, hana budi kuupokea kwa tahadhari. Mtumwa hakulipwa, hakuwa na chama, wala hakuweza kuondoka. Mchezaji hulipwa, ana chama chake, na aweza kuacha. Zaidi ya hayo, neno mnada hulificha jambo lililo kubwa. Katika mnada wanunuzi hushindana, na bei hupanda. Katika uteuzi wanunuzi wamekwisha patana wasishindane. Kwa upande wa bei, uteuzi ni kinyume cha mnada.

Na wabishanao wajua nini? Kila mwaka, kabla ya uteuzi, vijana hukusanywa Indianapolis wakapimwa urefu, uzito, upana wa viganja, na mwendo wao katika mbio za yadi 40. Tarakimu hizo huwa silaha za ubishi. Lakini mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mwaka 1998 watu waligawanyika mafungu mawili juu ya Peyton Manning na Ryan Leaf. Manning alitajwa wa kwanza, akaja kuwa miongoni mwa warushaji wakuu wa zama zake. Leaf alitajwa wa pili, na baada ya misimu michache akatoweka uwanjani. Mwaka 1999 kundi la mashabiki wa Philadelphia lilisafiri hadi New York kumzomea Donovan McNabb mara tu jina lake liliposomwa, kwa kuwa walimtaka Ricky Williams. Aliyezomewa ndiye aliyewafikisha kwenye mchezo wa fainali ya ligi mwanzoni mwa mwaka 2005. Mwaka 2000 majina 198 yalisomwa kabla ya Tom Brady, naye akatwaa ubingwa mara 7. Cade Massey na Richard Thaler, wanazuoni walioichunguza kazi hii na kuchapisha utafiti wao mwaka 2013, waliona kuwa timu zenyewe, pamoja na wapelelezi wao wote, huyaamini macho yao kupita kiasi. Mteuliwa mmoja akilinganishwa na wa nafasi yake atajwaye baada yake, yamkini ya kumshinda yapita kidogo tu ile ya kurusha sarafu. Kupata si kwa werevu, na kukosa si ujinga.

Walakini ujinga husameheka. Hakuna ubishi wa michezo uliowahi kungoja elimu. Kisichosameheka upesi ni msamiati. Sikiliza maneno yatumiwayo. Kijana husemwa kuwa ana dari na sakafu, kama nyumba ya kupanga. Husemwa kuwa ana thamani katika zamu ya pili, lakini si katika ya kwanza. Akishindwa, huitwa hasara. Akitajwa mwishoni kisha akafanikiwa, mashabiki hushangilia na kuuita uteuzi wake wizi. Maana yao ni kwamba timu imepata kitu chema kwa bei ya chini.

Neno hilo la mwisho lastahili kuulizwa maswali ambayo mshangiliaji haulizi. Kama ni wizi, nani aliibiwa? Mwaka 2022 Brock Purdy wa Chuo Kikuu cha Iowa State alikuwa wa 262, wa mwisho kabisa, akachukuliwa na San Francisco 49ers. Msimu wa 2023 aliiongoza timu hiyo mpaka fainali, kwa mshahara wa dola 870,000, hali warushaji wa cheo chake katika timu nyingine walilipwa makumi ya mamilioni. Mkataba wa ligi hauruhusu mteuliwa kuufungua upya mpatano wake mpaka misimu 3 ipite. Alipofikia haki hiyo mwaka 2025, timu ilimwahidi hadi dola milioni 265 kwa miaka 5. Tofauti ya mishahara hiyo ndiyo kipimo cha kile kilichoitwa wizi. Haikutoka mfukoni mwa timu pinzani. Ilitoka katika jasho la kijana. Wala haikuingia mfukoni mwa shabiki, ambaye tiketi yake haikupungua bei. Hata hivyo yeye ndiye aliyepiga vigelegele.

Ulimi huu wa kuazima huonekana wazi zaidi anapotokea kijana akasema hapana. Mwaka 1983 John Elway alitajwa wa kwanza na Baltimore Colts. Akakataa katakata kuichezea timu hiyo, na haki juu yake ikapelekwa Denver. Mwaka 2004 Eli Manning, mdogo wake Peyton, aliwaarifu San Diego Chargers mapema kuwa hataki kwenda kwao. Wakamtaja vivyo hivyo, kisha siku ileile wakambadilisha kwa New York Giants. Vijana hawa waliitwa wenye kiburi na wasio na shukrani. Manning alipokwenda San Diego kucheza mwaka 2005, uwanja mzima ulimzomea. Kosa lake lilikuwa kutaka kuchagua mahali pa kufanyia kazi, jambo ambalo kila mzomeaji alilifanya alipoomba kazi yake mwenyewe.

Sasa na litazamwe lililofuata. Mwezi Machi 1984, hata mwaka mmoja haujatimia tangu Elway akatae, mmiliki wa Colts alivipakia vitu vya timu katika malori usiku, akaihamishia Indianapolis. Watu wa Baltimore waliamka hawana timu. Mwaka 2017 mmiliki wa Chargers aliiondoa San Diego, akaipeleka Los Angeles. Miji miwili iliyoona ni haramu kijana kuikataa, yote miwili ilikataliwa na tajiri. Kijana aliyesema hapana alisema mchana, mbele ya watu, kabla hajapokea senti moja ya mji. Mmiliki alisema hapana baada ya kushangiliwa miaka mingi. Mashabiki walipokuwa wakisema “sisi tumchague fulani” na “sisi tulimkosa fulani,” hawakuwa wamo katika hilo “sisi.” Waliliazima, na mwenyewe alipolitaka, akaja kulichukua.

Watetezi wa uteuzi wana hoja tatu. Ya kwanza ni usawa: bila uteuzi, timu tajiri zingewachukua vijana bora wote. Hoja hii ilikuwa na uzito mwaka 1936. Lakini tangu miaka ya 1960 timu za ligi hii hugawana sawasawa fedha za matangazo ya televisheni ya taifa, na tangu mwaka 1994 kuna kikomo cha jumla ya mishahara kisichoruhusiwa kupitwa. Timu iliyofungwa mikono kwa kikomo haiwezi kununua kila kijana hata ikitaka. Usawa uliokwisha lindwa kwa njia mbili hauhitaji ya tatu imwangukiaye yule mdogo peke yake.

Hoja ya pili ni kuwa chama cha wachezaji kimekubali. Ni kweli, na namna kilivyokubali yafundisha. James Smith, aliyeteuliwa na timu ya Washington mwaka 1968, aliumia shingo katika mchezo wa mwisho wa msimu wake wa kwanza, na kazi yake ikaisha. Akashitaki, akidai kuwa uteuzi ulimzuia kupatana mshahara uliomstahili. Mwaka 1976 mahakama ilimpa haki, na mwaka 1978 mahakama ya rufani ikathibitisha kuwa uteuzi wa namna ile ulivunja sheria ya ushindani wa biashara. Lakini uteuzi ulikuwa umekwisha tiwa katika mapatano ya chama ya mwaka 1977, na kivuli cha mapatano ya namna hiyo ndicho kiulindacho mpaka leo. Watiao sahihi mapatano hayo ni wale waliokwisha ingia. Wayabebao ni vijana ambao bado wako madarasani. Mapatano ya mwaka 2011 yalipoipunguza mishahara ya waingiao, hakuna mmoja wao aliyekuwa na kura.

Hoja ya tatu ndiyo ipendwayo na mashabiki: vijana hawa watapata mamilioni, kwa hiyo hawana haki ya kulalamika. Na awazwe muuguzi aliyemaliza masomo yake. Aambiwe kuwa hospitali moja tu, ile yenye sifa mbaya kuliko zote, katika mji asioujua, ndiyo yenye ruhusa ya kumwajiri kwa miaka minne. Hospitali nyingine zote nchini zimepatana zisimjibu barua. Hapana mtu atakayeuliza kwanza mshahara wake ni kiasi gani ndipo aone udhalimu. Ukubwa wa mshahara hauigeuzi kanuni. Waifanya tu isionewe huruma. Tena wengi wa wateuliwa si Brady wala Manning. Ni watu wa misimu michache, ambao magoti yao huchoka kabla mpatano wa kwanza haujaisha, na miaka ile ya bei nafuu ndiyo miaka yao yote.

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Uteuzi wa Marekani umeikata methali hii vipande viwili: humtenga mchezaji na kwao, kisha huwapa wengine neno la mwisho juu ya tuzo. Mashabiki hawakuuanzisha, wala hawana uwezo wa kuufuta. Lakini kila mfumo huishi kwa maneno ya watu wasiolipwa kuutetea, na katika jambo hili watetezi hao ni mamilioni, nao hufanya kazi hiyo bure kila Aprili.

Na wabishane, basi, ila wabishane kwa ulimi wao wenyewe. Mtazamaji ana maswali yake ambayo mwenye mali hayajui: kijana huyu hucheza vipi, na mchezo wake una uzuri gani? Timu gani ina mwalimu wa kumkuza, na ipi itamvunja? Mji gani utamfaa? Yeye mwenyewe ataka kwenda wapi? Katika ubishi wa Aprili swali hilo la mwisho halisikiki ila kwa lawama. Siku litakapoulizwa kwa heshima, shabiki atakuwa amemrudishia tajiri ulimi wake, na hatakuwa amepoteza kitu, kwa kuwa ulikuwa haumlipi.