Mbuna wa Liuli ni mbegu, si kitoweo

Mkulima akiuza mahindi ya kula, mnunuzi atarudi yakiisha. Akiuza mbegu, mnunuzi anaweza kupanda mwenyewe na asirudi tena. Hivyo ndivyo ilivyo biashara ya samaki wa mapambo wa Ziwa Nyasa.

Mbuna, samaki wadogo wa rangi ya bluu, njano au milia, huishi kwenye miamba kama ya Liuli na wengi wao hula mwani. Mara nyingi hawavuki mchanga kwenda mwamba mwingine. Jike hubeba mayai mdomoni kwa takribani wiki 3, na vifaranga wake ni wachache. Kwa hiyo mwamba ukivuliwa kupita kiasi, hauwezi kujaa tena upesi.

Mbuna wa ziwa hili wamesafirishwa nje tangu miaka ya 1960. Leo wengi wanaouzwa Ulaya na Marekani huzalishwa huko huko, kwani kuwafuga hakuna siri kubwa: maji safi yasiyo na tindikali, joto la nyuzi 24 hadi 27, mawe ya kujificha, na dume mmoja kwa majike kadhaa.

Liuli basi haiwezi kushindana kwa wingi. Kinachouzika ni aina halisi ya mwamba fulani. Kikundi kinachotaka kuanza kipate kwanza leseni chini ya Sheria ya Uvuvi ya 2003, kipige hesabu ya usafiri na vifo hadi Dar es Salaam, kitenge miamba isiyovuliwa, na kijaribu kuzalisha kwenye matangi. Anayeuza mbegu hapaswi kukubali bei ya kitoweo.